Ng'ombe Waliochomwa na Ngozi Zao

Mtu mwingine akisoma tangazo la ugonjwa huogopa. Laurenti alilisoma lile lililobandikwa kwenye ukuta wa duka la dawa za mifugo, pale mjini Singida, kisha akalisoma tena, na mara ya pili akatabasamu.

Tangazo lilikuwa na picha ya ng'ombe mwenye macho ya huzuni na mama mmoja aliyeshika kikombe. Lilieleza habari za ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu huuita brusela: kwamba unaletwa na bakteria, kwamba ng'ombe wenye mimba huzitupa, kwamba binadamu huupata akinywa maziwa mabichi au akishika kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na kwamba akishaupata, homa humjia, ikamwacha, ikamrudia, na viungo vikamuuma kama mtu aliyelima eka nzima peke yake. Hayo yote yalimpita Laurenti. Alichokidaka ni sentensi moja ya chini kabisa, ya herufi ndogo, iliyosema kuwa ng'ombe anaweza kuwa na ugonjwa huo bila kuonyesha dalili yoyote.

Ugonjwa usioonekana! Laurenti alikuwa ameuza vitu vingi visivyoonekana maishani mwake. Aliwahi kuuza nafasi za kazi katika kiwanda ambacho hakijajengwa. Aliwahi kuuza mbegu za alizeti zinazoota bila mvua, na mwaka ule mvua ikakataa kweli, ndipo wateja walipoanza kumtafuta kwa majina yake yote. Lakini kuuza bakteria hakuwahi kufikiria, na sasa alijilaumu kwa kuchelewa.

Siku nyingine angelipita lile tangazo akaenda zake. Siku hiyo alikuwa na shida, na shida yenyewe ilikuwa na jina: Editha.

Editha aliuza mafuta ya alizeti kwenye kibanda karibu na stendi, chupa zimepangwa mbele yake zinang'aa kwa jua. Alikuwa binti wa Kinyangiri, mcheshi, mwenye macho yanayomtazama mtu mpaka akaanza kukagua vifungo vya shati lake. Na hapa tuseme ukweli: Laurenti alimpenda. Mtu aliyekwisha kudanganya nusu ya mji bila kumeza mate, mbele ya Editha alikuwa anasahau uongo wa jana. Alikuwa amemwambia kwamba yeye ni mtu wa mifugo, kwa sababu baba yake Editha ni mfugaji, na tangu siku hiyo alilazimika kuishi na maneno yake.

Asubuhi hiyo hiyo Editha alikuwa amempa majibu ya nyumbani.

"Baba amesema mahari ya kutuma kwenye simu hataki."

"Hataki? Mbona ni sekunde moja tu, imeshaingia!"

"Anasema simu hainyi. Yeye anataka ng'ombe wanaokunya uwanjani kwake. Wawe majike, na wawe watano."

"Watano! Sasa mimi, Editha, nitawatoa wapi?"

"Si wewe ni mtu wa mifugo?" Editha alikuwa anafuta faneli ya kumiminia mafuta kwa kitambaa, hana haraka. "Na usichelewe. Kuna mwalimu mmoja ameshatuma washenga kwa wajomba. Mavuno yakiisha wanampokea."

Laurenti alijaribu kucheka, kicheko kikatoka kimekauka.

"Ng'ombe wako wengi tu nchi hii," Editha aliendelea. "Pale Issuna yupo mzee anaitwa Mughwai, zizi lake limejaa mpaka wanakanyagana. Ila bahili! Huyo hata mavi ya ng'ombe anayalinda."

Jina hilo Laurenti alilitia akilini kimyakimya bila Editha kumwona, au ndivyo alivyoamini. Na sasa, mbele ya lile tangazo, mzee wa Issuna na bakteria wasioonekana walikutana kichwani mwake wakapeana mikono.

Maandalizi hayakuwa makubwa. Koti jeupe aliazima kwa Petro wa buchani, likiwa na doa la damu mfukoni ambalo Laurenti aliamua ni la maabara. Alivaa tai. Alinunua glovu na vichupa vidogo vya kioo. Kimoja alikijaza maji ya bomba, kingine maji ya ndimu yaliyochujwa vizuri mpaka yakafanana na yale ya bomba. Chumbani kwake Majengo alifanya utafiti wake kwa maziwa ya mwenye nyumba: tone la maji, maziwa yametulia, matone ya ndimu, maziwa yamekatika mabonge mabonge. Wako watu wamesoma miaka mingi ng'ambo hawajapata majibu ya haraka namna hiyo.

Alichagua siku ya mnada, wakati wanaume wa kijiji wamekwenda na wenye midomo wamewafuata. Alimkuta Mzee Mughwai amekaa nje ya nyumba yake, amevaa sweta kwenye jua kali, redio mapajani imezimwa ili betri zisiishe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama ni mchango wa harusi, nimeshatoa."

"Si mchango, mzee wangu. Mimi ni Daktari Abraham, wa mifugo. Nimekuja kimyakimya, kwa heshima yako." Laurenti alichuchumaa, akashusha sauti. "Kuna ugonjwa umeingia. Wa kutupa mimba. Na unaambukiza watu kwa maziwa mabichi, lazima yachemshwe."

Mkono wa Mughwai uliishika redio kwa nguvu. Laurenti aliona. Alikuwa ameshaulizia: maziwa ya mzee huyu ndiyo yaliyotiwa kwenye chai ya vibanda vyote vya barabarani, pale mabasi yanaposimama.

"Habari hizi zikitoka nje," Laurenti alisema kwa huruma kubwa, "nani atakunywa chai yenye maziwa yako? Ndiyo maana nikasema nije mwenyewe, leo, watu hawapo."

"Wangu hawaumwi. Waangalie wanavyong'aa."

"Ndiyo ubaya wake, mzee. Hauonekani."

Walikwenda zizini. Laurenti alivaa glovu moja baada ya nyingine polepole, maana alishagundua kwamba watu huheshimu glovu kuliko vyeti. Kisha akaanza kuwachagua wale anaowataka: mweusi mwenye nundu kubwa, mwekundu mwenye kiwele kilichojaa, wote wale ambao mkwe yeyote angewaona akalainika. Mughwai alikamua kidogo kidogo kwenye vichupa. Matone yakaingia. Maziwa yakakatika.

Mzee alikitazama kichupa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Laurenti alisubiri machozi. Badala yake mzee alikuna kidevu.

"Daktari, umekosea pa kuanzia."

"Vipi?"

"Hawa ni wangu."

"Si ndiyo, mzee, ni wako wote."

Mughwai alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. Na hapo ndipo Laurenti, aliyezaliwa na kukulia mjini kwenye nyumba ya kupanga, alipofundishwa jambo ambalo huko kila mtoto analijua. Zizi la mtu mmoja lina ng'ombe wa watu wengi. Mtu mwenye mifugo humpelekea rafiki yake aliye mbali baadhi ya ng'ombe amtunzie, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, upande mwingine wabaki. Anayetunza hunywa maziwa na kupata mbolea, na ng'ombe anabaki wa mwenyewe.

"Wale kule, waliochanwa sikio la kushoto, waliletwa na rafiki yangu mmoja," Mughwai alisema. "Pima wale."

"Na hao wakifa, mzee?"

"Wakifa namwonyesha mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo shahidi. Akishaiona anasema ni kazi ya Mungu, anarudi kwake." Alikohoa. "Wangu wakifa ni hasara. Wa mtu wakifa ni bahati mbaya. Kwa hiyo pima vizuri, daktari."

Daktari mwenye kujiheshimu angekataa hapo hapo. Laurenti alifikiri kwa muda ule unaotosha mtu kuvua na kuvaa glovu. Ng'ombe ni ng'ombe, na baba yake Editha hakusema rangi. Basi ugonjwa ukavuka zizi kwa utiifu mkubwa. Majike watano waliochanwa sikio walipimwa kwa ndimu, wote wakaonekana wanaumwa, na wale weusi na wekundu wa mzee walipopimwa tena, kwa maji safari hii, wakawa wamepona.

"Hiyo ndiyo sayansi," Mughwai alisema, ameridhika. "Na hawa wawili wa mwisho hata mimi niliwashuku, walitupa ndama mwaka jana. Mmoja ametupa tena juzi juzi."

Laurenti hakuyasikia vizuri maneno hayo. Alikuwa anahesabu mahari.

"Na vindama vyao?" aliuliza kwa ajili ya kuonekana makini.

"Hivyo vizima!" Mughwai alijibu haraka mno. Laurenti akaviangalia, akaona vyote vina masikio mazima, havijachanwa, yaani mzee alishavifanya vyake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimheshimu mzee huyu kama mtu wa kazi moja naye.

Likabaki jambo moja, na Mughwai ndiye aliyelitoa. "Sasa ukiwachukua, mimi nitamwonyesha nini mwenzangu? Ngozi ziko wapi?"

"Ugonjwa huu, mzee, ng'ombe anachomwa na ngozi yake."

"Na ngozi yake?"

"Na kwato, na mkia. Ngozi yenyewe ina bakteria."

Uso wa Mughwai ulifunguka polepole. "Yaani hakibaki kitu."

"Majivu tu."

"Kumbe nchi imeendelea," mzee alisema, na kwa furaha akafanya jambo ambalo majirani zake wangelisimulia mwaka mzima kama wangekuwepo: alimkaribisha mgeni kitu. Akamletea kikombe cha maziwa, ya moto ya kiwele, yenye povu. Laurenti alipenda maziwa mabichi kuliko soda. Alimaliza kile, akaongezewa, akaongezewa tena.

"Lakini si umesema yachemshwe?" mzee aliuliza.

Laurenti alifuta povu mdomoni. "Ninyi. Sisi wataalamu tumechanjwa."

Simoni, dereva aliyemkodi, alikuwa anasubiri barabarani na kenta yake, lori dogo la mizigo. Wakapakia. Kwenye kizuizi kimoja mlinzi aliuliza kibali cha kusafirisha mifugo, na Laurenti akatoa kichwa dirishani akamnong'oneza kwamba ng'ombe hawa wana ugonjwa wa kuambukiza binadamu, kama afande anataka kuwakagua apande tu. Afande aliinua kizuizi kwa mkono mmoja, mwingine amebana pua. Walilala njiani, Iguguno, na asubuhi Laurenti akajaza kibuyu maziwa, akanywa huku akiimba. Simoni alikataa. Alisema yeye chai ya rangi inamtosha.

Kinyangiri walifika jua limepanda. Uwanja wa Mzee Hosea, baba yake Editha, ulikuwa umefagiliwa, wazee wa ukoo wamekaa kwenye viti, wajomba upande wao, na Editha kwenye mlango wa jiko amejifunga khanga mpya. Alimwona Laurenti akishuka na tai yake, nyuma yake ng'ombe watano wakishuka mmoja mmoja, na kwenye uso wake likapita jambo ambalo Laurenti alilisoma kuwa ni mapenzi. Huenda kweli yalikuwemo kidogo.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na miguu mizuri," alisema Hosea. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia, sauti yake ndogo. Alisimama akawazunguka wale ng'ombe. Akapapasa mgongo wa mmoja. Akamshika mwingine sikio, akalikunjua taratibu, akalitazama kama mtu anayekagua shati la harusi. Kisha akasema kitu kwa Kinyiramba, na wazee wote wakaguna kwa pamoja.

"Anasemaje?" Laurenti alimuuliza mjomba mmoja.

"Anasema wamenenepa."

Hilo lilikuwa jibu la ajabu. Laurenti akageuza macho kutafuta pa kuyaweka, yakaangukia zizi la Hosea nyuma ya nyumba. Ng'ombe wachache walikuwa wamesimama pale wakicheua. Kila mmoja alikuwa amechanwa sikio la kushoto. Mchano ulikuwa ule ule.

Laurenti aliwatazama wale wa zizini, akawatazama wake, akawatazama tena wa zizini. Alitafuta uongo wa kufaa, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akakuta ghala ni tupu.

"Wewe ni mtu wa mifugo," Hosea alisema kwa upole. "Hawa ni wazima?"

"Wazima kabisa, baba."

"Hawana ugonjwa wowote?"

"Hata mafua."

Simu ya Hosea ikaita. Aliitoa kwenye koti, akaishika mbali na macho, akabonyeza, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechoka, alikuwa na kawaida ya kusikilizia kwenye spika. Sauti ikajaa uwanja mzima, sauti ya mtu aliyebanwa na huzuni na kwikwi.

"Hosea, ndugu yangu! Mimi Mughwai wa Issuna. Kaa chini kwanza."

"Nimekaa," alisema Hosea, amesimama.

"Ng'ombe wako wamekwisha! Wote watano! Ugonjwa wa kutupa mimba. Daktari wa serikali amekuja, amewapima mbele yangu, akawachoma moto."

"Pole sana. Basi nitakuja nione ngozi."

"Ngozi hakuna, ndugu yangu! Wamechomwa na ngozi zao! Na kwato! Nimelia mpaka sasa sijala."

"Huyo daktari yukoje?"

"Mtu mwenye elimu hasa. Mrefu, ana tai ya michirizi na pengo la mbele."

Wazee wote walimgeukia Laurenti. Laurenti akafunga mdomo.

Hosea alimpa binti yake simu. "Editha, iweke ile ya picha." Editha akabonyeza, akaielekeza kamera kwa ng'ombe wa kwanza, uso kwa uso. Ng'ombe akalamba kioo.

"Mughwai," alisema Hosea kwa sauti ile ile ndogo, "msalimie mwenzako. Amefufuka."

Kwenye kioo mdomo wa mzee wa Issuna ulifunguka ukabaki hivyo. Halafu mtandao ukakatika, au aliukata. Wazee walicheka mpaka mjomba mmoja akaanguka na kiti chake, na Simoni, aliyeona mambo yamekuwa makubwa, akawasha kenta akaondoka bila kuaga.

Laurenti alisimama katikati ya kicheko kile na koti la bucha mkononi. Aliwahi kufukuzwa, aliwahi kurushiwa mawe, na mara zote alikimbia akiwa anacheka. Leo aibu ilimshika miguu. Hakuona wazee wala wajomba. Alimwona Editha peke yake, amekuja kusimama mbele yake na simu ya baba yake.

"Ulijua," alisema.

"Kwamba wewe si mtu wa mifugo? Laurenti, shangazi yangu alinunua mbegu zako za alizeti."

Alimeza mate. "Na hawa ng'ombe?"

"Baba amewafuata miaka mingi. Akienda anaambiwa nyasi hakuna, wamedhoofu, njoo masika. Akienda masika anaonyeshwa ngozi ya ndama ambaye hata haijulikani alizaliwa lini. Wengine wote waliompa ng'ombe awatunzie walishakwenda na ndugu zao wakawatoa wao kwa nguvu. Wa baba wakabaki, kwa kuwa yuko mbali na si mtu wa ugomvi. Tukasema anayeweza kuwatoa ng'ombe kwa Mughwai ni mwongo aliyemzidi."

"Angeweza kunipa wake!"

"Mughwai? Atoe wake?" Editha alicheka. "Wewe ulimaliza darasa la ngapi la utapeli?"

Laurenti akatazama chini. Usafiri alilipa yeye, glovu alinunua yeye. Lakini moyoni lilimuuma jambo jingine. "Na yule mwalimu?"

"Mwalimu gani?"

Kwa sauti ambayo haikuwa na mauzo ndani yake, Laurenti akauliza, "Na mimi na wewe?"

Macho ya Editha yakaacha kucheka. "Mimi sikukudanganya kila kitu," alisema. "Ila baba bado anataka watano. Safari hii wawe wako."

Hosea, aliyekuwa anasikia vizuri zaidi ya alivyopenda ijulikane, akatoa hukumu. Kijana hatapelekwa popote, kwa kuwa amerudisha mali ya watu, hata kama alifanya hivyo kwa bahati mbaya. Akitaka binti, abaki achunge. Kila mwaka wa kuchunga atapewa ndama mmoja, achanwe sikio kwa alama yake mwenyewe. Laurenti alianza kupiga hesabu ya miaka, akaona haina raha, akaiacha. Alilala usiku ule kwenye banda la majembe, na kwa kuwa hakuna aliyemfunga, asubuhi alishangaa mwenyewe kujikuta bado yupo.

Hosea hakuwa mtu wa kudharau jina la ugonjwa likishatajwa. Alimwita Elina, afisa mifugo wa kata, naye akachukua damu za ng'ombe wote akazipeleka kupimwa. Siku aliporudi na majibu alikuwa hana utani.

"Wawili kati ya hawa wa Issuna wanao. Kutupa mimba. Watengwe leo hii, na waende machinjioni chini ya usimamizi."

"Wanao kweli?" Laurenti aliuliza.

"Sasa ulitaka wawe nao kwa uongo?"

Laurenti alikaa chini. Katika kazi yake yote ilikuwa mara ya kwanza uongo wake kuwa kweli, na haukumfurahisha hata kidogo. Alikumbuka maneno ya Mughwai pale zizini, yale ambayo hakuyasikia vizuri: walitupa ndama mwaka jana, mmoja ametupa tena juzi juzi. Halafu akakumbuka povu.

"Nani amekunywa maziwa ya hawa wawili?" Elina aliuliza. "Mabichi?"

Editha alimtazama Laurenti, na Laurenti akatazama vidole vyake.

"Vikombe vitatu," alisema hatimaye. "Na kibuyu. Njiani."

"Na hukujua kwamba yanachemshwa?"

"Nilijua. Nilikuwa nawafundisha watu."

Ng'ombe wale wawili walipochinjwa na ngozi zao kuwekwa chumvi kama Elina alivyoelekeza, Hosea aliziomba. Akazikunja vizuri, akazifunga kamba, akaenda nazo Issuna pamoja na wazee wake. Huko, mbele ya uongozi wa kijiji, alimwonyesha Mughwai zile ngozi kwa heshima zote za desturi, kisha akaomba ndama wenye masikio mazima. Inasemekana mzee alitoa ndama wote bila ubishi, akaomba abakiziwe angalau ngozi moja. Vibanda vya barabarani navyo vilikuwa vimeshasikia habari za daktari, na tangu hapo Mughwai huchemsha maziwa yake hadharani, kwenye sufuria kubwa, kila mtu aone. Kuni zinamuuma sana.

Homa ya Laurenti haikuja siku ile wala wiki ile. Ilimwacha achunge, ajifunze kutofautisha ng'ombe mwenye njaa na ng'ombe mwenye ugomvi, aanze hata kuitwa kwa jina na watoto wa kijijini. Halafu jioni moja ikamwangusha. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Jasho likaloanisha godoro, magoti na kiuno vikakataa kumilikiwa naye. Pale zahanati muuguzi alipomuuliza kama amewahi kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa, aliona kwa mara nyingine yale maneno ya sisi wataalamu tumechanjwa yakipita mbele yake. Alipewa dawa za wiki nyingi na onyo la kutoruka hata siku moja, kwani ugonjwa huu hujifanya umeondoka kumbe umekaa nyuma ya mlango. Alipoambiwa hivyo Laurenti alitikisa kichwa kwa huzuni. Huo ulikuwa utapeli wa kiwango ambacho yeye hakuwahi kukifikia.

Editha alifunga kibanda chake mjini akarudi kukaa nyumbani kwa muda. Alisema bei ya mafuta imeshuka. Bei ya mafuta haikuwa imeshuka, na Laurenti, aliyekuwa amelala kwenye mkeka kivulini, dhaifu, mwili unamuuma kila mahali, aliutambua uongo ule mara moja, maana alikuwa mtaalamu, na ulimpendeza kuliko ukweli wowote aliowahi kuambiwa.

Alasiri moja Editha alimjia na kikombe cha maziwa, mvuke unatoka. Laurenti alijiinua kwa kiwiko, akakitazama kile kikombe bila kukigusa.

"Yamechemshwa?"

Editha alikaa chini karibu naye, akafungua pindo la khanga, akatoa nusu ya ndimu, akaiweka mkononi mwake.

"Pima, daktari."

Laurenti aliitazama ndimu, akamtazama Editha. Akaitupa kule kwenye majani, akashika kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa yote.